Kutafuta Kosa Kabla ya Kumtafuta Mkosaji: Funzo Kutoka Chumba cha Kompyuta

Jambo linapoharibika darasani, swali la kwanza linalomjia mwalimu kinywani ni, "Nani amefanya hivi?" Ni swali jepesi, nalo humpa mwalimu faraja ya haraka, kwa kuwa likishapata jibu, kazi ya kufikiri hukoma. Swali la pili, yaani "Limetokea nini?", ni zito zaidi. Hilo hudai subira, kalamu na karatasi, na wakati mwingine humrudishia mwalimu lawama aliyokwisha mtwika mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tulivyojifunza tofauti ya maswali hayo mawili, si katika kitabu cha elimu-nafsi, bali mbele ya kompyuta iliyofunguliwa sanduku. Makala hayakukusudiwa kuwafanya wasomaji kuwa mafundi. Mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda kufundisha Darasa la Tatu anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kushika bisibisi. Lakini njia ya kutafuta kosa ni moja, liwe limejificha ndani ya mashine au ndani ya hesabu ya mtoto.

Mashine mbili na printa moja

Mwaka 1996 chuo tulichokuwa tukifundisha kilikuwa na kompyuta mbili, zote zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia, na printa moja. Karatasi za mitihani ziliandikwa katika mashine zote mbili, lakini aliyeandika katika mashine isiyo na printa alilazimika kunakili kazi yake katika disketi, aibebe hadi mashine ya pili, na kungoja zamu. Disketi ziliingia vumbi, nyingine zikakataa kusomeka. Ndipo tulipopata kadi mbili za mtandao, nazo zimetumika pia, tukaona kwamba tukiziunganisha mashine zile kwa waya, printa ile moja ingeweza kuzitumikia zote.

Kadi ya nyongeza ni bamba dogo lenye sakiti, ambalo huchomekwa katika soketi iliyo juu ya ubao mkuu wa kompyuta ili kuipa mashine uwezo ambao haikuzaliwa nao: kutoa sauti, kupokea picha, au kuzungumza na mashine nyingine. Fundi alikuwa mbali, na nauli yake ilikuwa nzito kwa mfuko wa chuo. Tukaamua kuifanya kazi wenyewe. Tulichomoa waya wa umeme, tukagusa bati la sanduku ili umeme tuli wa mwilini usije ukaunguza sakiti, tukachomeka kadi, tukafunga skrubu. Tukaunganisha kebo kutoka mashine moja hadi nyingine, na kila mwisho wa kebo tukatia kizibo cha omu 50, kama ilivyotakiwa katika mitandao ya kebo ya namna ile.

Mashine ya kwanza ilikubali. Mashine ya pili iliwaka vizuri, programu ya mtandao ikaanza, na papo hapo kipanya kikafa. Mshale ulisimama katikati ya skrini, wala haukusogea tena.

Ufunguo wa chumba kile ulikuwa kwa mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana mtulivu aliyependa mashine. Tulikumbuka kwamba miezi michache nyuma yeye ndiye aliyekichomoa kipanya cha mashine ile katika tundu la kwanza nyuma ya sanduku na kukihamishia tundu la pili, kwa kuwa tundu la kwanza lilikuwa limevunjika pini. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Mashine ya kwanza haikuguswa na mtu, nayo ilikuwa nzima. Ya pili iliguswa, nayo imeharibika. Tukamkaripia mbele ya wenzake, tukasema amekiharibu kipanya kwa kuchezea nyaya.

Alijibu kwa adabu: "Mwalimu, kipanya hakikufa nilipokihamisha. Kinakufa mtandao unapoanza."

Tukamwambia asibishane. Akaweka ufunguo juu ya meza, akatoka.

Siku tatu za kupapasa

Yaliyofuata tunayaeleza kwa aibu, maana ni mfano kamili wa jinsi kosa lisivyotafutwa. Tulibadili kipanya, tukatia kingine, hakikusogea. Tukaiweka upya programu ya kipanya, na wakati huohuo tukaihamisha kadi soketi nyingine, na kwa kuwa sanduku lilikuwa wazi tukabadili na kebo. Siku ya pili tukabadili mpangilio wa programu ya mtandao kwa kubahatisha. Siku ya tatu kipanya hakikufanya kazi, mtandao nao haukufanya kazi, na hatukuweza kukumbuka ni lipi kati ya yale tuliyoyafanya ndilo lililouua mtandao. Mitihani ilikuwa wiki iliyofuata, na karatasi za masomo mawili zilikuwa ndani ya mashine ile.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini kosa letu halikuwa haraka peke yake. Kosa letu kubwa lilikuwa kubadili mambo manne kwa mara moja, kisha kutarajia kujua ni lipi lililoleta matokeo. Mtu anayefanya hivyo hata akifaulu hajajifunza neno, na akishindwa ameongeza fumbo juu ya fumbo.

Jioni ya siku ya tatu, tukiwa tumekaa mbele ya mashine ile iliyo wazi, neno la yule mwanachuo liliturudia: kinakufa mtandao unapoanza. Hayo hayakuwa mabishano. Ulikuwa uchunguzi, tena uchunguzi pekee wa kweli uliokuwa umefanywa katika chumba kile tangu kazi ianze.

Kwa nini vifaa hugombana

Hapa hatuna budi kueleza kidogo habari za ndani ya mashine. Kompyuta ina kichwa kimoja kinachofanya kazi zote, lakini vifaa vinavyokitumikia ni vingi. Kibodi inataka kusikilizwa kila herufi inapobonyezwa, kipanya kila kinaposogezwa, kadi ya mtandao kila ujumbe unapofika. Kichwa kile hakiwezi kuzunguka kila mara kukiuliza kila kifaa kama kina neno. Kingepoteza wakati wake wote. Kwa hiyo kila kifaa kilipewa njia yake ya mwito, ambayo katika vitabu vya mafundi huandikwa IRQ pamoja na namba. Kifaa kikiwa na haja, hutoa mwito katika njia yake, na kichwa huacha kwa kitambo kidogo kinachokifanya ili kukihudumia. Ndivyo afanyavyo mwalimu anayeandika ubaoni, akageuka kumsikiliza mtoto aliyenyoosha kidole, kisha akarudi kuandika.

Kompyuta ya IBM PC iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na njia 8 tu za mwito, zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 7. Kompyuta ya PC/AT ya mwaka 1984 iliongezewa njia nyingine 8, ingawa njia moja ilitumika kuunganisha makundi hayo mawili. Njia nyingi zilikuwa na wenyewe tangu kiwandani. Namba 0 ni ya saa ya mitambo, namba 1 ya kibodi, namba 6 ya disketi, namba 14 ya diski ngumu. Tundu la kwanza la nyuma ya sanduku, yaani COM1, hutumia namba 4. Tundu la pili, COM2, hutumia namba 3. Namba 7 iliwekwa kwa printa ya kwanza, na namba 5 kwa printa ya pili.

Kadi zetu za mtandao zilikuwa zimepangwa kutumia namba 3. Katika mashine ya kwanza kipanya kilikuwa katika tundu la kwanza, namba 4, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi. Katika mashine ya pili kipanya kilikuwa katika tundu la pili, namba 3. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika kompyuta za wakati ule, kadi mbili hazikuweza kwa kawaida kutumia njia moja ya mwito kwa wakati mmoja. Tena, kwa kila njia mashine ilihifadhi anwani moja tu ya programu ya kuitikia mwito. Programu ya kipanya ilipoanza iliandika anwani yake katika nafasi ya namba 3. Programu ya mtandao ilipofuata ilifuta anwani ile na kuandika yake. Tangu hapo kipanya kiliita, na aliyeitikia hakuwa mhudumu wake.

Kwa hiyo kipanya kilikuwa kizima, kadi ilikuwa nzima, na mwanachuo alifanya jambo la busara alipoliepuka tundu lililovunjika. Kila kimoja kikiwa peke yake kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kukutana kwao.

Kurudi nyuma ili kwenda mbele

Tulipolielewa hilo tuliacha kupapasa. Kwanza tuliirudisha mashine katika hali tuliyokuwa na hakika nayo: tukaitoa kadi, tukaondoa programu zote za mtandao, tukawasha. Kipanya kikafanya kazi. Hiyo ndiyo nanga. Mtafuta kosa asiye na mahali pa hakika pa kurudia ni kama nahodha asiyejua alikotoka.

Pili, tulichukua karatasi ya manila, tukachora jedwali la njia zote 16, na mbele ya kila namba tukaandika mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja, nayo ilitupa jibu ambalo siku tatu za kubahatisha hazikutupa. Namba 5 ilikuwa imewekewa printa ya pili, na sisi printa ya pili hatukuwa nayo. Kiti kilikuwa kitupu.

Tatu, tuliihamisha kadi kutoka namba 3 hadi namba 5. Katika kadi zile kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, kwa kuhamisha jampa, yaani kibanio kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachounganisha pini mbili. Kuihamisha kadi soketi, kama tulivyokuwa tumefanya siku ya kwanza, hakukuwa na maana yoyote, kwa sababu namba haikutegemea soketi bali jampa. Hatukubadili kitu kingine chochote. Tukawasha. Kipanya kikaishi hata baada ya mtandao kuanza. Lakini mtandao wenyewe haukujibu.

Laiti lingetukuta siku ya kwanza, jambo hili lingetukatisha tamaa. Sasa lilitufurahisha, kwa kuwa tulijua tumebadili kitu kimoja tu. Ugomvi wa vifaa ulikwisha. Lililobaki lilikuwa kutoelewana kati ya kifaa na programu. Kadi ilikuwa imehamia namba 5, lakini faili dogo la maelezo ambalo programu ya mtandao hulisoma inapoanza bado lilisema namba 3. Mtoto amehamishwa kiti, mwalimu hakubadili daftari la mahudhurio, naye anaendelea kumwita mahali asipokuwapo. Tulibadili tarakimu moja katika faili lile, na mashine mbili zikasalimiana.

Nafasi juu ya meza

Furaha yetu ilidumu hadi tulipofungua programu ya kupangia ratiba. Ilikataa, ikisema kumbukumbu haitoshi. Mashine ilikuwa na megabaiti 4 za kumbukumbu, na programu ile ilihitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Vipi isitoshe?

Sababu ilikuwa ya kihistoria. Kichwa cha IBM PC ya mwaka 1981 kiliweza kufikia megabaiti 1 tu ya kumbukumbu. Katika hiyo, kilobaiti 640 za chini ziliachiwa programu, na kilobaiti 384 za juu ziliwekwa akiba kwa ajili ya skrini, kadi na mambo mengine ya mitambo. Mashine zilizofuata zilipata kumbukumbu kubwa zaidi, lakini programu za DOS ziliendelea kufanya kazi zake juu ya ile meza ndogo ya kilobaiti 640. Programu za kuendeshea mtandao zilipokaa pale, ratiba ilikosa nafasi.

Dawa yake ilikuwa kuzihamishia programu ndogo katika mapengo ya ile sehemu ya juu, jambo lililowezekana katika MS-DOS tangu toleo la 5 la mwaka 1991. Tulihamisha programu moja, tukawasha, tukapima, tukaandika. Kisha ya pili, vivyo hivyo. Utaratibu wa kutangulia na kufuata nao ulikuwa na maana: kubwa ikitangulia kupata pengo, ndogo hupata la kukaa, ndogo zikitangulia kutawanyika, kubwa hukosa. Usiku ule ratiba ilifunguka, na kabla ya wiki ya mitihani kuanza karatasi zote zilichapwa.

Yahusuyo darasa

Huenda msomaji akauliza yote haya yana faida gani kwa mwalimu wa shule ya msingi. Tutatoa mfano mmoja.

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tulimwona mwalimu mwanafunzi akifundisha kutoa kwa kukopa. Alitoa hesabu ya 52 kutoa 27. Karibu nusu ya darasa waliandika 35. Mwalimu yule alifanya kama tulivyofanya sisi: alileta vijiti, akabadili mfano, akawapanga watoto katika makundi, akaongeza sauti, yote kwa dakika kumi. Mwisho wa kipindi baadhi walipata, baadhi hawakupata, naye hakujua ni kipi kilichowasaidia waliopata. Katika maazimio yake ya kazi aliandika kwamba wanafunzi hawakuwa makini.

Watoto wale walikuwa makini sana. Tazama walivyofanya: katika mamoja waliona 2 na 7, wakatoa 2 katika 7, wakapata 5, katika makumi wakatoa 2 katika 5, wakapata 3. Walikuwa wakitii kanuni waliyofundishwa walipoanza kujifunza kutoa, kwamba namba ndogo hutolewa katika namba kubwa. Kanuni ile ilikuwa imekwisha shika kiti, na kanuni mpya ya kukopa iliita kwa namba ileile. Kanuni ya zamani si mbovu, kanuni mpya si mbovu, mtoto si mzembe. Ni ugomvi wa viti. Mwalimu anayejua hivyo hatapoteza vijiti vyake ovyo, ataanza kwa kuuliza, "Umepataje 5?" kisha ataigusa ile kanuni ya zamani na kuonyesha mpaka wake.

Upo pia mfano wa kutoelewana kwa kifaa na programu. Mtoto anayeweza kufanya 24 gawanya kwa 4, lakini akashindwa anapoambiwa kwamba mama aligawa machungwa 24 sawasawa kwa watoto wanne, pengine hana tatizo la kugawanya. Tatizo huenda liko katika lugha ya swali. Badili kitu kimoja: msomee swali kwa sauti, au libadilishe neno moja, huku namba zikibaki zilezile. Akipata, umejua kosa lilipo. Na yupo mtoto mwenye akili pana kama megabaiti 4, lakini meza yake ndogo imejaa: ameamka alfajiri kuchota maji, hajala, ana mdogo wake mgonjwa nyumbani. Kumwambia aongeze juhudi ni sawa na kuigombeza mashine.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wanafunzi mambo haya. Rudi kwanza kwenye jambo ambalo una hakika kwamba mtoto analiweza. Andika ulichokiona kabla ya kuandika unachokidhani. Badili jambo moja kwa wakati mmoja. Ukishapata, hakikisha kila mahali panapohusika pamebadilika, kama vile jampa na faili vilivyopaswa kukubaliana. Na anayekuletea uchunguzi, hata akiwa mdogo wako, msikilize.

Tamati

Leo mwalimu hatakutana na jampa za namna ile kwa urahisi. Utaratibu wa kompyuta kuzipangia kadi njia zao zenyewe ulienea baada ya Windows 95 kutolewa mwaka 1995, na kadi za kisasa huweza kutumia njia moja pamoja bila kugombana. Hata hivyo kutoelewana hakujaisha. Printa ya zamani yenye programu ya kuendeshea iliyotengenezwa kwa Windows ya biti 32 haitafanya kazi kwa programu hiyo katika Windows ya biti 64, ingawa printa ni nzima na kompyuta ni nzima. Mwalimu Mkuu atauliza nani ameiharibu. Tunatumaini mmoja wenu atakuwapo wa kuuliza swali lile jingine.

Limebaki deni moja. Asubuhi baada ya mashine kupona tulimwita yule mwanachuo mbele ya wenzake walewale. Tulikuwa tumemkaripia hadharani. Kumwomba radhi faraghani kungekuwa woga. Tulieleza kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba neno lake ndilo lililotupa njia. Alisema, "Ahsante, Mwalimu," akauliza ilikuwa namba ngapi. Tukamwonyesha jedwali la manila, akalisoma kwa makini hadi mwisho.

Lakini tulipomrudishia ufunguo, aliomba apewe mwingine. Hatukumlazimisha. Kadi tuliweza kuihamisha kutoka namba 3 hadi namba 5 kwa dakika mbili, na mashine haikukumbuka kwamba ilipata kuteseka. Mwanafunzi si mashine, hukumbuka.